Tunda la monstera: acha magamba yadondoke yenyewe
Kosa ni lile lile. Tunda la monstera limefika sentimita 20 au 25, mwenye bustani anaona limejaa, analikata, anabandua magamba kwa kisu na kuonja. Muda si mrefu ulimi, midomo na koo vinawaka, kisha mmea unang'olewa eti una sumu. Tunda lilikuwa bichi, basi.

Monstera, ule mmea wa majani makubwa yenye matundu unaoparamia kuta na miti ya bustani, ni wa jamii moja na magimbi. Tunda lake bichi limejaa fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kama sindano, aina ile ile inayomwasha mtu akila gimbi lisiloiva vizuri. Ila gimbi unalichemsha. Hili usijaribu kuliokoa kwa chungu. Lazima liive lenyewe.

Kuiva huchukua miezi 10 hadi 14 tangu ua lichanue, pengine zaidi. Usipime kwa rula! Tunda hurefuka mapema, kisha hukaa kijani miezi mingi. Tena mmea mmoja unaweza kubeba maua mapya pamoja na matunda ya mwaka jana, ndipo watu wanapokata tunda ambalo wakati wake haujafika. Ua likichanua, funga utepe kwenye kikonyo na uandike mwezi na mwaka.

Kata pale tu magamba ya kitakoni, upande wa kikonyo, yanapoanza kuachana na kuonyesha mistari ya rangi hafifu. Acha kikonyo kidogo, lifunge tunda kwenye karatasi, lisimamishe ndani ya glasi, uliweke jikoni mbali na jua. Ukilikata kabla ya dalili hiyo, hata kulifungia na ndizi mbivu hakutalikomaza.

Magamba hudondoka kuanzia kitakoni kuelekea nchani, kidogo kila siku, kwa siku 5 au 6 hivi. Kula sehemu iliyojivua leo tu. Iliyobaki ifunge tena ungoje kesho. Gamba likigoma kwa kuguswa na kidole, liache. Kisu hakina kazi hapa, na hili tunalirudia kila msimu! Ondoa pia vijipande vyeusi vilivyo kati ya punje, kwani huwasha koo za baadhi ya watu hata tunda likiwa bivu. Mara ya kwanza onja kipande kidogo.

Likiiva sawasawa hunukia nanasi na ndizi.

Linafaa kuliwa nyumbani, na ni tamu kweli. Kwa soko hatushauri: haliivi lote kwa wakati mmoja. Majani na shina haviliwi kamwe, na watoto wasiachiwe tunda la kijani. Mtu akiungua mdomo, asukutue kwa maji baridi; koo likivimba au pumzi ikibana, apelekwe hospitali mara moja.