Tafuta Ofisi Kabla ya Kutafuta Jina: Nyaraka za Serikali za Mitaa na Historia ya Ukoo

Anayetafuta ukoo wake kwa kawaida huanza kwa kuandika jina la babu mtandaoni. Kwa sensa na vyeti vya kuzaliwa, ambavyo vingi vimeshaorodheshwa jina kwa jina, njia hiyo huzaa matunda. Kwa madaftari ya halmashauri, manispaa, wilaya na vijiji hukwama mapema, kwa sababu mengi hayajawahi kuorodheshwa majina yaliyomo. Jina la babu limo, tena huenda limeandikwa mara arobaini, lakini hakuna faharasa inayolionyesha.

Nyaraka hizo zimepangwa kwa ofisi iliyoziandika. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa ilitoa waraka ulioagiza karatasi za ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za ofisi nyingine hata zikihusu jambo lilelile, na hifadhi nyingi duniani zimeishika kanuni hiyo. Ndiyo maana ukiuliza "nyaraka za ukoo wetu ziko wapi?" mtunza nyaraka hana la kukujibu. Swali lenye jibu ni hili: mwaka ule, mahali pale, nani alikuwa akitoza kodi, akiandikisha ardhi, akisimamia makaburi na kutoa leseni, na madaftari yake yamerithiwa na nani?

Nani alitawala mahali hapo mwaka huo

Chukua karatasi, uandike kila tukio unalolijua katika mstari wake: mwaka, mahali kwa jina dogo kabisa (kitongoji, mtaa, namba ya kiwanja), halafu ngazi zote zilizokuwa juu ya mahali hapo mwaka huo. Usijaze ngazi hizo kwa ramani ya leo. Mipaka huhama, na nyaraka hazihami nayo daima. Wilaya mpya inapomegwa kutoka ya zamani, madaftari ya kabla ya mgawanyo kwa kawaida hubaki kwenye wilaya mama, na hapo ndipo watu wengi hupoteza miezi wakibisha hodi kwenye ofisi ambayo wakati ule haikuwepo.

Mifano ni mingi. Brooklyn ilikuwa jiji linalojitegemea hadi tarehe 1 Januari 1898 ilipounganishwa na New York. Rutland, nchini Uingereza, iliwekwa chini ya Leicestershire tarehe 1 Aprili 1974, ikarudishiwa mamlaka yake mwaka 1997, lakini nyaraka zake za zamani ziliendelea kuhifadhiwa pamoja na za Leicestershire. Kenya ilipoanza serikali za kaunti 47 mwaka 2013, zilichukua nafasi ya mamlaka 175 za mitaa. Tanzania Bara ilivunja halmashauri zake mwaka 1972 na kuzirejesha baadaye, zile za miji zikitangulia mwaka 1978. Mwenye kutafuta miaka ya katikati ya 1970 huko aanze na majalada ya ofisi za wilaya na mikoa, kwa kuwa ndizo zilizobeba kazi hizo.

Angalia pia ni ngazi ipi iliyopewa kazi ipi. Katika sehemu kubwa ya Marekani hati za ardhi zimo kwenye kaunti, ila Connecticut, Rhode Island na Vermont huziandikisha kwenye mji mmoja mmoja. Ukienda kaunti kutafuta shamba la Vermont utaambiwa hakuna kitu, na utaondoka ukiamini babu hakuwa na ardhi.

Majibu ya maswali haya yamo kwenye gazeti la serikali la mwaka husika, kwenye sheria iliyounda mamlaka yenyewe, kwenye ramani za wakati ule, na kwenye utangulizi ambao hifadhi huuweka mwanzoni mwa orodha ya kila fungu la nyaraka. Wasomaji wengi huuruka. Usome wote, kwa sababu hueleza ofisi ilianza lini, ilifutwa lini na nani alipokea madaftari yake.

Kodi: daftari moja halisemi kitu, kumi husema mengi

Katika nyaraka zote za mitaa, hii ndiyo ya kuanza nayo. Sensa huja mara moja kwa miaka kumi, kodi hutozwa kila mwaka. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika kwa moto wa Januari 1921, na orodha za kodi za kaunti ni miongoni mwa nyaraka zinazotumika kuziba pengo hilo.

Soma miaka mfululizo, usiruke hata mmoja. Tengeneza jedwali lenye safu za mwaka, jina kama lilivyoandikwa, mali, kiasi, na majina mawili ya juu na mawili ya chini. Kisha tazama mabadiliko. Kijana anapotokea kwa mara ya kwanza huenda amefikia umri wa kulipa kodi. Tafuta sheria ya mwaka huo ilisema umri gani, nawe utakuwa umepata makadirio ya mwaka wake wa kuzaliwa. Likitokea jina la mwanamke kwenye mali ileile, au maneno "warithi wa fulani", basi kifo kimetokea kati ya daftari hilo na lililotangulia. Babu akitoweka na majirani wapo, alihama au alifariki. Wakitoweka wote pamoja, shuku karatasi iliyopotea au mpaka uliosogezwa kabla ya kushuku msiba.

Watu wawili wenye jina moja watenganishe kwa mali na majirani. Hapa kuna kasoro ya kuichunga: orodha iliyopangwa kialfabeti ni nakala safi iliyoandikwa ofisini, na imekwisha kupoteza ujirani. Ikiwepo ile aliyotembea nayo mtoza kodi nyumba kwa nyumba, soma hiyo. Uliza pia orodha ya waliosamehewa. Wazee, wajane na wagonjwa mara nyingi waliandikwa humo pamoja na sababu ya msamaha.

Ardhi

Mifumo mingi ya hati za mauziano huwa na faharasa mbili, moja ya wauzaji na nyingine ya wanunuzi. Soma zote mbili kwa kila jina la ukoo, na usisimame kwenye mwaka wa kifo. Hati zilichelewa kuandikishwa, wakati mwingine kwa miongo, hivyo ongeza angalau miaka 20 baada ya mazishi. Hati yenye thamani kuliko zote kwa mtafuta nasaba ni ile warithi wanapouza shamba la marehemu: watoto wote hutakiwa kutia saini, na mabinti huandikwa kwa majina ya ndoa pamoja na waume zao. Karatasi moja ya namna hiyo hufungua familia nzima. Andika majina ya mashahidi na ya wenye mashamba yanayopakana, kwani mara nyingi ni shemeji, wajomba au binamu.

Nyingine, kwa haraka kidogo

Mihtasari ya vikao vya halmashauri haina faharasa ya majina, au inayo ya mada tu. Huwezi kuisoma yote. Ingia kwa tukio: mwaka wa mafuriko, mwaka barabara ilipopita kwenye kiwanja, mwaka babu alipoajiriwa au kupewa zabuni. Kamati za afya, ujenzi na masoko ziliweka mihtasari yake peke yake, basi iombe kwa jina la kamati. Mhtasari ukisema "barua ya wakazi wa mtaa fulani ilisomwa", omba jalada la barua zilizoingia mwezi huo. Malalamiko yenye saini za wakazi yamo humo.

Rejista ya kuandikisha wanafunzi kwa kawaida hutaja jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mzazi au mlezi, makazi, na siku ya kuingia na kuondoka. Kwa waliozaliwa kabla ya uandikishaji wa vizazi kuenea, huenda ndiyo karatasi pekee yenye tarehe. Kwenye makaburi ya umma omba daftari la maziko na pia daftari la walionunua viwanja vya kaburi, kisha uliza wengine waliozikwa kwenye kiwanja hicho. Leseni za biashara, vibali vya ujenzi na orodha za wapiga kura husaidia kuthibitisha makazi. Na kwa waliohamia Marekani, kumbuka kwamba kabla ya tarehe 27 Septemba 1906 mahakama yoyote yenye kumbukumbu rasmi, ikiwemo ya kaunti, iliweza kutoa uraia. Kwa miaka hiyo karatasi zitafute kwenye mahakama za alikokaa.

Katalogi na barua

FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, haitozi kitu na ina picha za madaftari mengi ya mitaa ambayo hayajaorodheshwa majina. Ingia kwenye katalogi yake na utafute kwa jina la mahali. Rudia kwa kila ngazi, kijiji, kisha wilaya, kisha mkoa, kwa kuwa daftari huwekwa chini ya ngazi iliyoliandika. Ukifungua juzuu, nenda kwanza kurasa za mwanzo na za mwisho kuangalia kama karani aliacha faharasa. Baadhi ya picha hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao.

Ukiandikia ofisi, uliza daftari kabla ya kuuliza mtu. Kwa mfano: "Natafuta madaftari ya kodi ya majengo ya mji huu ya 1925 hadi 1935. Je, yapo? Yana faharasa ya majina? Yako wazi kwa wasomaji? Kama hayapo, yalikabidhiwa wapi?" Barua hiyo hujibika kwa dakika chache. Barua ya kurasa tatu yenye historia ya familia huwekwa kando hadi apatikane mwenye nafasi.

Kabla ya safari, agiza nyaraka mapema kwa namba zake, maana nyingi hukaa kwenye maghala ya mbali. Beba penseli, kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi katika vyumba vingi vya kusomea. Ukipewa ruhusa ya kupiga picha, zima taa ya kamera (flashi). Piga kwanza jalada na namba ya kumbukumbu, kisha ukurasa mzima, kisha mstari wako. Picha ya mstari peke yake, baada ya mwezi mmoja, hutajua ilitoka wapi.

Yanayokwamisha

Karani aliandika alichosikia. Orodhesha tahajia zote ambazo mgeni wa lugha angeweza kuandika, hasa herufi ya kwanza, kwani ikikosewa hiyo faharasa yote hukupotosha. Angalia kama jina la baba lilitumika kama la ukoo.

Tarehe nazo hutega. Uingereza na makoloni yake yalihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi hadi mabadiliko ya 1752, hivyo Februari 1740 ya karani wa huko ni Februari 1741 kwetu. Ufaransa nayo ilitumia kalenda ya Jamhuri kuanzia 1793 hadi mwisho wa 1805, na majedwali ya kuibadilisha yanapatikana kwa urahisi.

Vipindi vya kufungwa hutofautiana kwa nchi na aina ya waraka. Sensa ya Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72, ya Uingereza baada ya miaka 100. Ukiambiwa "imefungwa", uliza kama ndugu wa damu anaweza kuomba dondoo ya mstari wake.

Ukiambiwa "iliungua", usiondoke bado. Moto wa tarehe 30 Juni 1922 uliteketeza hazina kuu ya nyaraka za Ireland mjini Dublin, lakini mihtasari mingi ya bodi zilizosimamia nyumba za maskini ilisalimika kwa sababu ilikuwa imehifadhiwa mikoani. Paris ilikuwa kinyume: rejista za vizazi, ndoa na vifo zilikuwa na nakala mbili, lakini zote mbili zilikuwa jijini humo na ziliteketea Mei 1871. Sehemu tu ya rejista hizo ilijengwa upya, kwa vyeti vilivyoletwa na familia zenyewe na kwa rejista za makanisa. Kwa hiyo omba mambo matatu: orodha ya yaliyosalimika, ngazi nyingine iliyopelekewa nakala au taarifa za kila mwaka, na kama kulikuwa na uandikishaji upya baada ya moto. Jibu likiwa hakuna, liandike kwenye jedwali lako pamoja na tarehe, namba ya juzuu na miaka uliyoisoma, ili wewe au nduguyo msifungue tena daftari lilelile.