Unapoongoza kundi kwenda kujifunza lugha nje ya nchi, anza na malazi

Kwa yeyote anayeongoza kundi la wanafunzi kwenda kujifunza lugha nje ya nchi, jambo la kusimamiwa kwa makini kuliko yote ni malazi, kwa kuwa wanafunzi wawili wenye lugha moja wakiwekwa katika nyumba moja, watazungumza lugha yao kuanzia kifungua kinywa hadi wanapozima taa, na familia iliyowapokea itaambulia salamu tu. Mwombe mratibu wa shule mwenyeji, kwa maandishi na kabla majina hayajapangwa, kila mwanafunzi apangiwe familia yake ya kumpokea, peke yake. Wenye umri mdogo, ambao si haki kuwaacha peke yao, wapewe mwenzao anayetoka nchi nyingine.

Mchana nao usiishie darasani. Mpe kila mmoja kazi ndogo isiyoweza kukamilika bila kuzungumza na wenyeji, kama vile kuulizia dukani utaratibu wa kurudisha bidhaa yenye kasoro, au kumwomba mkutubi amsaidie kutafuta kitabu, kisha jioni aeleze alivyojibiwa na alipokwama. Anayeanza kabisa, yaani aliye kiwango cha A1 katika vipimo vya Baraza la Ulaya, ayafanyie mazoezi maswali yake kwanza, maana kumtuma bila maandalizi ni kumvunja moyo bure.

Pasipoti zikaguliwe mapema, kwani nchi nyingi hudai ziwe zimebakiza angalau miezi 6 ya uhalali.