Jinsi ya kuiangalia sanamu ya Shaw ya Boston bila kuishia kwenye farasi

Wengi wakiiona hii kazi ya mchongaji wa Marekani Augustus Saint-Gaudens wanaona mzungu juu ya farasi, wanasema nzuri, wanapita. Umepitwa. Tafuta picha yake kubwa kwenye simu twende pamoja.

Kwanza weka dole gumba juu ya Kanali Robert Shaw, mzungu aliyewaongoza askari hawa, na farasi wake. Ndiyo, mfunike kabisa. Waliobaki ni askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, wale waliopita mtaa wa Beacon, uleule ilipo sanamu, tarehe 28 Mei 1863 wakienda kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na Julai wakavamia Wagner, ngome ya majimbo ya kusini, Shaw akauawa akazikwa shimo moja na askari wake.

Sasa vuta picha usoni, mmoja mmoja, usiharakishe manake utamu wote uko hapa. Kuna mzee wa ndevu, kuna vijana mashavu laini, na mbele kabisa dogo wa ngoma. Hakuna sura mbili zinazofanana, na si bahati, Saint-Gaudens aliita wanaume weusi studio kwake New York wakae mbele yake, akafinyanga vichwa kama 40 vya majaribio. Kazi alipewa 1884 ikazinduliwa 1897, waliomlipa walichoka kusubiri lakini mi nasema alikuwa sahihi kuchelewa.

Halafu linganisha, usiiangalie peke yake. Fungua picha ya sanamu ya Rais Lincoln iliyochongwa na Thomas Ball, ya Washington, 1876. Pale mtu mweusi kapiga goti miguuni kwa Lincoln, na sanaa ya enzi zile ilimzoea hivyo, wa kuombewa na kushukuru. Rudi kwa Shaw: wamesimama, wana bunduki begani, mablanketi mgongoni, wanatembea. Na hao ndo waliogoma mshahara bwana, waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama wazungu wakaja kupewa 10 na hapohapo 3 zinakatwa za nguo, wakakataa hata senti karibu mwaka na nusu huku wanapigana.

Toa dole gumba sasa. Farasi katokeza karibu mzima kutoka ukutani, askari wa nyuma wamebaki kama vivuli, ndo maana jicho linakimbilia kwa Shaw. Malaika wa juu mi hanisisimui, mpite tu.

Mwisho zunguka nyuma, au tafuta picha ya nyuma maana wapigapicha wengi hawaiweki. 1897 yaliandikwa majina ya maofisa wazungu waliokufa. Ya askari weusi yaliongezwa miaka ya 1980, na ukivuta karibu utayasoma.