Kuunga manyetoskopi ya VHS kwenye dekoda

Usianze na waya wa antene. Vitabu vya manyetoskopi (mashine ya kurekodi na kucheza kaseti za video) huonyesha njia hiyo kwanza, lakini ni ya enzi ya analojia: kipokezi kilichomo ndani ya mashine hakisomi TNT (televisheni ya dijitali ya antene), parabole wala kebo ya dijitali. Siku hizi dekoda ndiyo inayotafuta chaneli, na manyetoskopi hurekodi kile dekoda inachoonyesha, basi. Ukibadilisha chaneli katikati ya sinema, kaseti nayo inabadilisha.

Mpangilio ni dekoda, kisha manyetoskopi, kisha televisheni. Chomoa vyote kwenye prizi kwanza, pamoja na waya wa parabole, maana mara nyingi unarusha umeme kidogo ukiugusa. Halafu chukua waya wa fishi tatu: ya njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Utoke AV OUT ya dekoda uingie AV IN ya manyetoskopi. Waya wa pili utoke AV OUT ya manyetoskopi uende televisheni. Mashine yenye tundu moja la sauti ipe nyeupe. Ukiona sauti inapungua, weka dekoda kwenye mono.

Mashine nyingi zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa hazina matundu hayo nyuma. Zina peritel, ile pana ya pini 21. Zikiwa mbili, ya kwanza (AV1) ni ya televisheni, ya pili (AV2) ni ya dekoda. Adapta yake inunue yenye swichi ndogo ya IN na OUT: upande wa dekoda weka IN, upande wa televisheni weka OUT. Kosa la swichi hii ndilo linalowafanya watu watupe manyetoskopi nzima.

Dekoda ndogo zina kitundu kimoja cha jeki ya milimita 3.5. Hapa angalia sana, kwa kuwa waya zinafanana kwa macho lakini ndani hazikupangwa namna moja. Picha ikikosekana na sauti ikavuma, chomeka fishi nyekundu mahali pa njano ujaribu. Ikishindikana, tafuta waya wa dekoda yenyewe.

Kama dekoda ina HDMI tu, waya wa bei rahisi wenye HDMI upande mmoja na fishi tatu upande mwingine haufanyi kitu. Inatakiwa kisanduku cha kugeuza, chenye umeme wake wa volti 5, na swichi yake iwe PAL (mfumo wa rangi za picha). Hata hivyo chaneli zenye ulinzi zinaweza kutoa skrini nyeusi.

Washa, bonyeza INPUT kwenye telekomande mpaka uone L1 au AV, rekodi dakika 2, rudisha nyuma, tazama. Picha ikiwa nyeupe na nyeusi, dekoda inatoa PAL wakati mashine imewekwa SECAM, mfumo mwingine wa rangi. Badilisha SYSTEM kwenye menyu. Picha inayong'aa kisha inafifia, ikirudiarudia, ni ulinzi dhidi ya kunakili: mashine haina kosa. Na ukilazimika kutumia antene kwenda televisheni, ukapata picha bila sauti, sababu ni kwamba mashine na televisheni hazitumii mfumo mmoja wa urushaji: mfumo wa K huweka sauti megahezi 6.5 juu ya picha, na mfumo wa G huweka 5.5.

Kaseti ikikataa kurekodi, angalia kijino cha mgongoni. Kimevunjwa? Ziba tundu kwa kipande cha skochi. Kaseti ya E-180 inabeba saa 3 kwa SP (mwendo wa kawaida), saa 6 kwa LP (mwendo wa polepole). Chagua SP, kwa sababu LP huchezwa vibaya kwenye mashine nyingine.

Kuacha irekodi usiku ni bahati nasibu. SNEL, kampuni ya umeme ya Kongo, ikikata, saa ya mashine inapotea na dekoda nyingi zinarudi zikiwa zimelala. Kaseti iliyonaswa ndani usiivute, ngoja umeme.

Kiangazi vumbi jekundu huingia kwenye vichwa vinavyosoma kaseti, picha ikajaa michirizi. Lowesha karatasi laini kwa alkoholi ya isopropili (lutuku, ile pombe ya kienyeji, hapana, ina maji), iguse ngoma, yaani silinda inayozunguka yenye vichwa, bila kusukuma, kisha zungusha ngoma polepole kwa kidole juu. Usisugue kutoka juu kwenda chini: kichwa kinavunjika.