Mlenda wa karanga na ugali wa uwele: pishi la kibandani Ihumwa

Mtu akihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam au Moshi, anakuja na hesabu ya mboga za kule alikotoka. Ikifika Agosti anakuta mchicha umenyauka, bei imepanda, spinachi ndiyo hiyo imejikunja, anasema huku hakuna chakula cha afya, basi anaangukia chipsi. Chakula kipo. Ila chakula cha kiangazi huku kwetu hakitafutwi kiangazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ndani ya miezi hiyo majani yanachumwa, yanakaushwa, yanawekwa. Anayejua hilo anakula mboga mwaka mzima. Asiyejua anaihesabu Dodoma kuwa jangwa.

Mimi ni mama lishe, kibanda changu kiko Ihumwa, ile barabara ya kwenda Morogoro. Wateja wangu ni mafundi ujenzi, madereva wa malori, na siku hizi watumishi wanaotoka Mtumba, kwenye mji wa serikali. Wanaokuja mara ya kwanza wanaulizia wali maharage. Wakizoea ndio hao wananiamkia "Mbukwenyi mama" kabla hawajafika mezani, wakauliza kama mlenda umebaki. Naeleza hapa sahani ninayoipika siku nyingi kuliko nyingine: ugali wa uwele, mlenda wa karanga, na pembeni njugu mawe au majani ya kunde. Vyote unavipata Soko la Majengo au Sabasaba bila kuzunguka.

Anza na karanga, maana hapo ndipo watu wanapofanya haraka

Nunua karanga nzima, zilizobanguliwa lakini hazijapondwa. Karanga ya kupondwa tayari huijui ilikotoka. Mwaga kwenye ungo mahali penye mwanga, kaa chini, chambua. Iliyosinyaa, toa. Yenye ukungu, iliyogeuka rangi, iliyotobolewa na mdudu, iliyoota, toa zote. Ukiitafuna moja ukasikia uchungu, hilo fungu lote liangalie upya.

Usinione nina makuu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumukuvu inatokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, na ikishaingia, moto wa jikoni hauiondoi. Chemsha, kaanga, oka, ipo palepale. Kwa hiyo dawa yake ni macho yako na ungo. Zile mbovu usimpe hata kuku, maana huyo kuku na mayai yake unakuja kuvila wewe. Zitupe shimoni.

Karanga nzuri za huku zinatoka Kongwa, Mpwapwa na vijiji vingine vingi. Huko Kongwa ndiko Waingereza walikoleta matrekta mwaka 1947 wakitaka kulima karanga za kulisha nchi yao mafuta; ilipofika 1951 mradi umeachwa, mvua hazikuwatii na udongo ukikauka unakuwa mgumu kama zege. Kina mama wa Kongwa wanaendelea kulima karanga kwa jembe la mkono hadi leo. Basi nunua kwao.

Ukishachambua, kausha kidogo juani au pitisha kwenye kikaango bila mafuta hadi ganda jembamba litoke kwa kusugua kwa viganja. Usizikaange zikawa nyekundu. Karanga ya mlenda inatakiwa iwe karibu mbichi, ndiyo inayotoa mchuzi mweupe mzito. Ponda kwenye kinu hadi iwe laini, chekecha, mabaki rudisha kinuni.

Mlenda wenyewe

Wagogo wanauita ilende. Majani yake yanaota yenyewe mashambani mvua zikianza. Yanachumwa, yanakaushwa, yanatwangwa yanakuwa unga wa kijani iliyofifia. Unga huo ndio unaouzwa sokoni kwa kopo. Kabla hujalipa, omba chembe kidogo uweke ulimini, utafune kwa meno ya mbele. Ukisikia mchanga unalia, asante mama, nenda meza ya pili. Dodoma ina vumbi, na kuna wauzaji wanaokausha chini bila turubai. Mlenda wenye mchanga hata uupike na nani, utaharibu sahani.

Kwa watu wanne au watano natumia vikombe vinne vya maji, kikombe kimoja cha karanga iliyopondwa, nyanya tatu zilizoiva, kitunguu kimoja, nyanya chungu mbili, na unga wa mlenda vijiko vinne vya chakula. Nikiwa na majani ya maboga naongeza konzi moja, nimeyamenya nyuzi na kuyakatakata.

Bandika maji na nyanya, kitunguu na nyanya chungu. Zikilainika, koroga karanga na maji ya baridi kwenye bakuli mpaka iwe uji usio na madonge, ndipo umimine sufuriani huku unakoroga. Punguza moto. Hapa usiondoke, wala usifunike. Karanga ikichemka inapanda ghafla na kumwagika, na wewe ukienda kuangalia simu utarudi ukute jiko limezimika. Iache ichemke taratibu kama dakika ishirini. Itakuambia yenyewe ikiiva: ile harufu ya ubichi inapotea, na juu yanaonekana matone ya mafuta.

Mafuta hayo ndiyo yanayonifanya nisiongeze mengine. Vitamini A iliyo kwenye majani ya kijani mwili unaichukua vizuri ikiwa kuna mafuta kidogo kwenye chakula, na karanga tayari imeleta ya kwake, pamoja na protini. Kumimina tena mafuta ya kupikia juu ya mlenda wa karanga ni kuharibu hela.

Sasa tia majani ya maboga, yape dakika tano. Halafu chukua upekecho. Mkono mmoja unanyunyiza unga wa mlenda kidogo kidogo, mkono wa pili unapekecha katikati ya viganja... hapana, viganja viwili vinatakiwa kwa upekecho, kwa hiyo mwite mtoto anyunyize. Ukiwa peke yako, nyunyiza, pekecha, nyunyiza, pekecha. Ukimwaga wote kwa mara moja utapata madonge ambayo hayayeyuki tena. Dakika tano hadi saba zinatosha. Inua upekecho uangalie: mlenda ushuke kwa uzi mmoja unaokatika wenyewe. Uzi usipokatika umezidisha unga, ongeza maji ya moto. Ukidondoka matone matone bado mwepesi.

Chumvi mwisho kabisa, na uonje kwanza. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na mtu aliyezoea maji ya kwingine anajaza kijiko chake cha kawaida halafu analaumu mlenda.

Kuhusu magadi: najua bibi zetu wanatia, na sibishani na bibi wa mtu. Kwenye mlenda wa unga sitii. Umeshakuwa laini na unateleza, magadi yanaenda kufanya nini? Yanapunguza vitamini C na baadhi ya vitamini B, na yanaongeza sodiamu ambayo mwenye presha haihitaji. Ukipika mlenda mbichi uliokomaa, au bamia ngumu, punje ndogo inayoshikwa kwa ncha za vidole inatosha.

Ugali wa uwele

Uwele una mafuta kuliko mahindi, na unga wake ukikaa sana unaingia uchungu. Watu wengi wanaosema ugali wa uwele mchungu walinunua unga wa zamani. Nunua uwele wenyewe, pepeta, toa mawe, osha, anika ukauke vizuri, peleka mashineni usage wa wiki moja au mbili tu. Mwambie kijana wa mashine asikoboe. Hilo ganda ndilo lenye nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya madini, na ukishaliondoa umebaki na sembe ya rangi nyingine.

Kusonga kwake ni kama dona, ila anza na uji. Koroga unga kidogo na maji ya baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, acha utokote dakika kumi hivi. Ukiruka hatua hii ugali unakuwa na ladha ya unga mbichi. Kisha ongeza unga na usonge moto ukiwa mdogo. Unatoka na rangi ya kijivujivu, na kijana mmoja fundi wa marumaru aliwahi kuniuliza kama nimetia simenti. Alimaliza sahani, akaongeza. Anayeona uwele mzito aanze kwa kuchanganya nusu uwele nusu dona. Mtama nao unafaa kwa namna hiyo hiyo.

Njugu mawe na kunde

Njugu mawe kavu zinaogopwa kwa ugumu. Loweka jioni kwa maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo, bandika kwa maji mapya. Mimi naziweka kwenye jiko la mkaa tangu alfajiri, mkaa ukifunikwa na majivu zinaendelea polepole huku nafanya mengine. Ni kazi ya saa mbili au zaidi. Bonyeza moja kwa vidole: ikipasuka na kuwa unga, imeiva. Ndipo unaunga kwa kitunguu, nyanya na mafuta ya alizeti vijiko viwili. Alizeti ya kukamua ya Singida au Kibaigwa ina harufu yake, iache itulie kwenye chupa mashapo yashuke, na usiichome mpaka ikatoa moshi. Siku ya mshahara naongeza kipande cha perege mkavu wa Mtera. Siku nyingine njugu zinajitosheleza zenyewe kwa protini.

Majani ya kunde yakiwa mabichi yape dakika chache tu, kwa maji kidogo, na yale maji usiyamwage. Tabia ya kuchemsha mboga, kukamua na kumwaga maji ya kijani kwenye mtaro inanikera. Umemwaga ulichokifuata sokoni. Osha majani kabla ya kukata, si baada, na uyaoshe kwa kuyazamisha kwenye beseni na kuyainua juu, ili mchanga ubaki chini. Ukimwaga beseni pamoja na majani, mchanga unarudi kule kule.

Ukishapakua, kamulia limau, au tengeneza maji ya ukwaju unywe na chakula. Madini ya chuma yaliyo kwenye majani na nafaka yanaingia mwilini vizuri zaidi yakikutana na vitamini C. Chai nayo inayazuia. Wateja wangu wanataka chai ya rangi juu ya ugali papo hapo. Nawaambia subirini saa moja, wananicheka, wanaenda kunywa kwa jirani.

Kukausha mwenyewe

Februari na Machi mboga zinauzwa kwa bei ya kutupa. Nunua nyingi. Chambua, osha, chovya majani kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, toa, chuja. Tandaza kwenye chekeche au wavu safi, chini ya paa penye upepo, ufunike kwa chandarua kilichochakaa kuzuia nzi. Usianike juani. Juani yanakauka haraka, ni kweli, lakini yanapauka, na kupauka huko ni vitamini A inayoondoka. Kivulini huchukua siku kadhaa kutegemea upepo, unageuza kila siku, hadi yakatike kwa mlio ukiyavunja. Yenye unyevu yataota ukungu. Hifadhi kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaokaza, mbali na mwanga. Kiangazi ukitaka kupika, loweka kwa maji ya uvuguvugu nusu saa, bandika na hayo hayo maji, unga kwa karanga.

Matunda sisemi mengi, maana Dodoma mtu hahitaji kufundishwa kula zabibu; tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ila ubuyu tunauchezea. Ule mweupe, usiotiwa rangi wala sukari, loweka kwenye maji, sugua mbegu zitoke, chuja, umimine kwenye uji wa uwele ukiwa umeshaepuliwa. Ukiuchemsha pamoja na uji, vitamini C yake nyingi inaharibika kwa moto.

Mwisho ni viporo. Mlenda wa karanga usiulaze kama huna friji. Karanga inachacha upesi kwa joto letu, kwa hiyo pika wa kutosha siku hiyo. Ugali wa uwele ukibaki ufunike, asubuhi umegemege ndani ya maziwa ya mgando.