Namna ya kumweka mcha Mungu wa uongo jukwaani

Mimi ni mshonaji, nina cherehani yangu Magomeni hapa Bagamoyo, na jioni nafundisha kikundi cha maigizo. Wengi huniuliza namna ya kuandaa mchezo wa tajiri aliyemfungulia mlango mcha Mungu wa uongo. Jambo la kwanza ninalowaambia: huo ni mchezo wa mwenye nyumba. Mwongo kaja kula tu. Aliyepika ni mwenye nyumba.

Molière wa Ufaransa alilielewa hilo. Mchezo wake wa Tartuffe ulipigwa marufuku mara tu baada ya kuchezwa Versailles mwaka 1664, akahangaika nao mpaka ukaruhusiwa mwaka 1669. Una sehemu tano, na mwongo haingii hadi sehemu ya tatu. Tena Molière mwenyewe hakuchukua nafasi ya mwongo; alimcheza Orgon, yule tajiri. Nawe mwigizaji wako hodari mpe nafasi ya tajiri.

Anza mazoezi na onyesho moja dogo, ambalo mimi nimelichukua humo na kulihamishia kwetu. Bwana anarudi kutoka safari. Dada wa kazi anamweleza kuwa mkewe kashikwa na homa usiku kucha. Bwana anauliza, "Na shekhe wangu je?" Kala kuku mzima, kalala fofofo. "Maskini ya Mungu!" Lirudieni mara nne, na kila mara mwigizaji amwonee huruma ya kweli yule mgeni. Akimdhihaki tu, mchezo umekufa, kwa sababu watu hawataona jinsi mtu mwenye akili zake anavyojifumba macho.

Kisha mtafutieni bwana huyu anachokitaka. Anataka kutajwa. Anataka akiingia kwenye maulidi asogezewe mto wa mbele. Hilo lisisemwe, lionekane. Sisi tulilionesha kwa magunia ya mchele. Zamani wajane wa jirani walipita mlango wa uani, wakapimiwa chao wakaondoka, hakuna aliyejua. Tangu mgeni aje, magunia yanashushwa barazani, upande wa barabara, saa ambayo watu wanatoka msikitini, na wajane wanapangwa mstari juani. Mke anasimama mlangoni anatazama, hasemi kitu. Onyesho hilo lipeni muda mrefu kuliko yote.

Nguo sasa, maana ndiyo kazi yangu. Kanzu ya tajiri ipigwe wanga mpaka isimame yenyewe. Ya mwongo iwe kuukuu na yenye kiraka, ila kiraka kikae kifuani. Mimi nimeshona viraka vingi vya watu wanyonge: vinakuwa kiwikoni, kwenye pindo, makalioni, mahali nguo inapoliwa. Anayekiweka kifuani anataka kionekane. Kichwani mvalishe kofia nzuri iliyoshonwa kwa mkono, na wazee wa mstari wa mbele watamjua kabla hajafungua kinywa.

Kuna mambo mawili siyaruhusu. Msimchore mwigizaji alama ya sijida kwenye paji la uso. Mbele yake wamekaa wazee walioipata kwa miaka ya ibada. Na aya au dua ya kweli isitoke kinywani mwa mwongo. Mwaka mmoja kijana wetu alisoma dua nzima kwa sauti nzuri, katikati ya ulaghai wake. Bibi mmoja akainuka, akakunja mkeka wake, na nusu ya watu wakamfuata. Alikuwa na haki, na nilikwenda kwake kesho yake kumwomba radhi. Siku hizi mwongo wetu anavuta tasbihi kimya huku macho yanahesabu viti vya sebuleni. Inatosha kabisa.

Tena mwongo atoke kwenye dini yako mwenyewe. Mimi ni Mwislamu, wangu anatoka msikitini kwetu. Mji huu una misheni ya Kikatoliki tangu 1868, tumekaa na Wakristo vizazi na vizazi. Mkristo akiandaa mchezo wake, amchukue wa kanisani kwao.

Chezeni baada ya sala ya Isha, adhana isiwakute katikati ya maneno. Kipindi cha kusi wakalisheni watazamaji upande upepo unakoelekea, sauti iwafikie.

Lile onyesho la bwana kujificha chini ya meza, amsikie mwongo akimtongoza mkewe, linahitaji kitambaa kinachogusa sakafu pande zote. Unganisha doti mbili za kanga, upande wa watazamaji uache mpasuo ili wauone uso wake. Mke anakohoa kumwita atoke, naye hatoki. Hapo akina mama watapiga kelele, "Toka, unadanganywa!" Waigizaji wanyamaze wawasubiri.

Mwishoni, Molière anamleta ofisa wa mfalme kuiokoa nyumba. Mimi simleti mtu. Hati ya kumwachia mwongo nyumba imeshasainiwa, viti vinabebwa kimoja kimoja, na dada wa kazi anabaki anafagia. Kuanzia mwanzo wa mchezo bwana amemwita "wewe" tu, hakikisheni hilo halikosewi hata mara moja. Sasa anakaa sakafuni, kanzu imelegea wanga wote, anamwangalia. "Tatu," anasema, "kuna maji?" Zimeni taa kabla hajajibiwa.