Kubana video ya harusi itoshe kwenye flashi

Kamera yangu hurekodi megabiti 50 kwa sekunde. Saa moja inakula kama gigabaiti 22. Juzi, harusini Ahero, mama wa bwana harusi alinipa flashi ya gigabaiti 16: "Weka yote hapo, mwanangu."

Mimi hutumia HandBrake, programu huria isiyolipiwa hata senti. Ipakue handbrake.fr, buruta faili lako ndani, kisha kwenye Preset (mipangilio iliyoandaliwa tayari) chagua Fast 1080p30. Ukifungua Video, iache kwenye H.264, ambayo ni njia ya kubana video. Najua H.265 hubana zaidi, lakini TV nyingi za zamani haziifungui, na utakayepigiwa simu usiku ni wewe.

Kazi yenyewe iko kwenye RF, namba ya ubora wa picha hapo hapo kwenye Video. Namba hii huenda kinyume: ikishuka, picha inakuwa safi na faili linakuwa zito. Hapo unachagua ubora, si ukubwa. Hotuba ya mzee aliyetulia kitini itabanika sana. Watu wakianza kuruka na vumbi kutimka, faili litanenepa. Kwa hiyo usikisie. Kwenye Range, panapochaguliwa kipande cha video cha kubana, weka Seconds, ujaribu dakika moja tu, tena ile mbaya kuliko zote. Yangu ilikuwa densi ya jioni chini ya hema. Kwa RF 22 suti nyeusi ya bwana harusi ilijaa viraka vya mraba. Kwa 20 vikaisha. Nikabaki hapo.

Flashi ikiwa ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga faili), haipokei faili linalozidi gigabaiti 4 hata kama ina nafasi. Tumia Range hiyohiyo kukata: ibada faili lake, sherehe lake.

Halafu kuna stima. Iliwahi kunipotelea kazi ikiwa asilimia tisini, na MP4 iliyokatika njiani haikufunguka, kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni. (Nililia, sifichi.) Siku hizi mawingu yakijikusanya upande wa Nandi, natoa MKV, aina nyingine ya faili la video, ambayo kwa kawaida hucheza mpaka pale ilipofikia. Ikikamilika naigeuza iwe MP4 kwa FFmpeg, programu ya kuandikiwa amri, bila kuibana upya:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Huchukua muda mfupi tu. Faili za kamera sizifuti mpaka mama achomeke flashi kwenye TV yake mwenyewe na anipigie.